Mama, hii tunaikulaka?



Mvua za kwanza zikisha kunyesha, pembeni ya barabara zinazoingia Lubumbashi, Likasi na Kolwezi utawakuta wamama wameketi na vitunga vya masuku. Unasimama, unauliza bei, unaonja moja, unabishana kidogo, unanunua. Nyumbani batoto wanakimbilia kitunga hata mbele hujakiweka chini.

Lakini miezi ile ya masuku ndiyo pia miezi ya taabu. Mahindi yangali madogo shambani, unga unapanda bei, na mshahara, kwa yule anayeupata, unakwisha mbele ya mwezi. Basi watu wanaingia porini: mama na kitunga, batoto na fimbo. Wanaleta matunda, majani na mizizi. Kuna siku wanaleta pia kifo, bila kujua.

Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya ulizo ambalo kila mtoto wa kambi amekwisha kumwuliza mama yake, akishika kitu mkononi: «Mama, hii tunaikulaka?» Wewe unajibu nini? Na unajibu kwa kujua, au kwa kuwaza tu?

NYUNGU ILIYOMWAGWA

Niruhusu nikusimulie jambo la nyumbani kwetu. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi. Mama yangu alitoka Kasai. Alimfuata baba kwa gari la moshi, na ujuzi wote wa pori la kwao akaja nao kichwani. Siku moja ya mvua, ndugu yangu na mimi tulichimba mizizi nyuma ya kambi. Ilikuwa minene kama kidole gumba cha mtu mzima, imegawanyika sehemu mbili kama panda ya manati, na ndani yake ilikuwa nyeupe. Tukampelekea mama, tukijivuna.

Mama akaitazama. Akasema kwao kuna kiazi cha pori kinachofanana hivi hivi, na akataja jina lake. Aliposikiwa amelitaja lile jina, sisi sote tuliridhika. Akaosha, akaweka nyungu motoni.

Jirani yetu, mama wa mapasa, Mubemba, akaja kuomba chumvi. Akaona chini, karibu na mlango, shina tulilolivuta pamoja na mizizi. Akaliokota.

«Yaya, angaria hii jani. Ncha yake inajikunja sawa mukia ya kinyonga. Hii habaikulake. Hii inauaka bantu.»

«Lakini kwetu tunaikulaka,» mama alijibu.

«Kwenu munakulaka ingine, yaya. Si hii.»

Mama alinyamaza. Tulikuwa na njaa, nakumbuka vizuri, na hapakuwa na kitu kingine cha kupika. Kisha alichukua nyungu, akaimwaga yote katika shimo nyuma ya choo, akaisugua kwa mchanga mara tatu. Usiku ule tulikunywa uji mwepesi, tukalala. Na asubuhi tuliamka sote.

Miaka mingi nyuma yake nilijifunza jina la mmea ule katika vitabu: Gloriosa superba. Wewe unaujua, hata kama hujui jina. Ni mmea unaopanda juu ya vichaka kwa ncha za majani yake, na maua yake ni mekundu na manjano, yamegeuka kwenda juu kama ndimi za moto. Watu wanaupanda hata kwenye bustani sababu ya uzuri. Lakini mmea mzima, na zaidi mzizi wake, una sumu inayoitwa kolkisini. Mtu akiila, saa za kwanza anaweza asisikie kitu. Kisha anatapika na kuhara sana, na siku zinazofuata sumu inashika damu, figo na moyo. Moto wa nyungu hauiondoi.

Sisi tuliuchimba wakati haujatoa maua. Bila ua, machoni petu ulikuwa kiazi tu.

JINA LINASAFIRI, MMEA UNABAKI

Angalia vizuri kosa letu lilikuwa wapi. Mama hakuwa mjinga. Kwao angetembea porini usiku bila kupotea. Kosa lilikuwa hili: alilitumia jina la kule kwa kitu cha hapa.

Kambi zetu za migodi ni vijiji vya lugha nyingi. Tangu miaka ya 1910 na 1920 wafanyakazi waliitwa kutoka Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, na kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Kila mmoja alikuja na majina ya kwao. Hata leo, watu wanakuja kutafuta kazi na kuchimba, kila mtu na kijiji chake kinywani. Utasikia jina moja likiitwa juu ya miti miwili, na mti mmoja una majina matano katika barabara moja ya kambi. Jina linasafiri kwa gari la moshi na kwa kamioni. Mmea unabaki kwao.

Tena kijijini mtoto alijifunza kwa miguu. Alimfuata nyanya yake miaka na miaka, akaona mti katika kiangazi na katika mvua, na jani changa na jani zee, na ua na tunda. Batoto wetu wa kambi wanajifunza kwa rafiki aliyejifunza kwa rafiki. Wanajua jina, wanajua utamu. Mambo mengine hawajui.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto akikuuliza «Hii tunaikulaka?», usijibu kwa jina peke yake. Ita mashahidi watano, kama wazee wanavyofanya katika kesi:

1. Jani. Lina umbo gani? Lina meno pembeni au ni laini? Chini yake pana rangi gani? Mishipa inapita namna gani?

2. Shina. Lina miiba? Linajikunja? Ukilivunja linatoa maji meupe?

3. Ua au tunda. Lina ganda la namna gani, mbegu ngapi?

4. Harufu. Sugua jani kati ya vidole. Harufu yake ni gani?

5. Mahali. Mmea huu uko fasi yake ya kawaida, au umeota mahali pageni?

Mashahidi wote wakubaliane. Mmoja akikataa, acha, hata kama njaa inauma. Na mbele ya kuonja mara ya kwanza, umwonyeshe mtu ambaye anakula mmea ule hapa hapa, katika udongo huu, tangu miaka mingi. Kuonja kwa kujaribu si njia ya kujifunza. Sumu nyingine ni tamu.

TUJARIBU NA MATUNDA MATATU

Matunda matatu ya pori la miombo yanajulikana sana kwetu. Tuyatumie kama masomo.

Masuku. Mti wake si mrefu sana, unapenda udongo wa mawe na unaota kwa makundi. Majani yake ni makubwa, magumu, yamekusanyika kwenye ncha za matawi. Tunda ni la mviringo, rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia likiiva. Ganda ni jembamba. Ndani mna nyama ya manjano, tamu, na mbegu nyeupe tatu au nne. Masuku mabichi yanakaza kinywa. Wamama wanajua: yale yaliyochumwa mbele ya wakati yanawekwa siku chache nyumbani mpaka yalainike.

Mpundu. Geuza jani lake: juu ni la kijani, chini ni jeupe-jeupe kama limepakwa unga. Hiyo ndiyo alama. Tunda ni la kahawia na madoa ya kijivu, na ndani lina kokwa moja kubwa na ngumu sana. Halichumwi juu: linaanguka, linamaliza kuiva chini. Ukiona mtoto anapanda mti kupiga mpundu kwa fimbo, ujue hajafundishwa.

Mafungo. Hapa tazama mishipa ya jani. Katika majani mengi kuna mshipa mmoja wa katikati, na midogo inatoka kwake kama mifupa ya samaki. Katika jani la mufungo mishipa kadhaa mikubwa inaanza pamoja kwenye kikonyo, inapita upande kwa upande mpaka ncha. Tunda likiiva linakuwa jekundu kama divai.

Unaona? Kwa kila mti iko alama moja ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuishika. Mwambie: «Geuza jani mbele ya kula.» Atakumbuka.

NDUGU WABAYA

Sasa tuseme juu ya wale wanaotudanganya. Hatuwezi kuwataja wote. Tunataja wale walio karibu na mlango wako.

Mbegu za kasongole. Ni lile tunda la mviringo lenye ganda gumu kama ubao, ambalo batoto wanalipasua kwa jiwe. Nyama yake ni tamu. Lakini linatoka katika jamaa ya miti ambayo baadhi yao imejaa sumu kali. Kwa hiyo: nyonya, tema mbegu, usizitafune hata moja. Na kama nyama yenyewe ni chungu, tupa lote.

Kiazi cha majani matatu. Ukikuta mmea wa kiazi unaopanda, una miiba, na juu ya kila kikonyo majani ni matatu, simama. Wazee fulani wanajua kuukata vipande vyembamba na kuuloweka katika maji siku nyingi, kama vile tunavyofanya na muhogo mchungu. Asiyejua kazi hiyo, asiuguse. Anayeula hivi hivi anakuwa kama mlevi, na anaweza kupata degedege na kufa.

Datura. Huu hauko mbali porini: unaota kwenye jalala, kwenye kiwanja kilichoachwa, hata katikati ya lengalenga uliyoipanda wewe mwenyewe. Ukiwa mchanga unaweza kuuchuma pamoja na mboga bila kuona. Lakini jani la lengalenga ni laini pembeni, na la datura lina meno makubwa yasiyo sawa. Ukilisugua linanuka vibaya. Ukikomaa, una ua jeupe kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Yule aliyeula kinywa kinakauka, ngozi inakuwa moto, mboni za macho zinapanuka, anasema na watu ambao hawapo. Na hapo, ndugu msomaji, jamaa wanaanza kusema: «Bamemuloga!» Wanamtafuta jirani wa kulaumu, na saa zinapita. Si ulozi. Ni jani. Mahali pake ni lopitalo, mara moja.

Kichaka cha lupango. Watu wengi wanazungushia nyumba mimbono, sababu mbuzi hawali majani yake. Matunda yake yana mbegu nyeusi, mara nyingi tatu, na utamu wake unafanana na karanga. Batoto wanazitafuna wakicheza, kisha wanatapika na kuhara mpaka nguvu zinakwisha. Mimi mwenyewe nilizila nikiwa na miaka sita, nne au tano hivi, na nilidhani nitakufa. Kama una ua wa namna hiyo, waonyeshe batoto leo, usingoje.

Mbegu nyekundu yenye jicho jeusi. Ni nzuri, watu wanatunga nayo shanga, hata rozari. Ikimezwa nzima inaweza kupita bila kuumiza, sababu ganda lake ni gumu. Lakini ikitafunwa, au ikitobolewa kwa kupitisha uzi kisha mtoto akainyonya, sumu yake ni kati ya kali zote zinazojulikana. Mtoto mchanga asiwe na shanga hizo.

Juu ya uyoga hatusemi leo. Unahitaji ukurasa wake peke yake.

Na tuache maneno yale ya kale: eti kile anachokula ndege au nyani na sisi tunaweza kula, eti kilicho kitamu hakina sumu, eti moto unamaliza yote. Matatu haya si kweli, na yamezika batoto.

HATA MMEA MZURI, UULIZE UDONGO

Hili ni letu sisi watu wa migodi, na nyanya zetu kijijini hawakuwa na haja ya kulijua.

Umekwisha kuona vile vilima ambavyo katikati ya miombo havina miti, ila nyasi na maua madogo? Ni vilima vya shaba. Udongo wake una shaba nyingi hata miti haiwezi kuota. Mimea michache tu imezoea, kama lile ua dogo la rangi ya zambarau ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, yaani ua la shaba. Limewasaidia watafuta madini, na hata wale wanaotafuta fasi ambapo wazee wa zamani walikuwa wakiyeyusha shaba. Kwa nini nakuambia hivi? Ili uone kwamba mmea na udongo ni kitu kimoja. Kilicho chini kinapanda juu.

Lubumbashi, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka 1911. Pepo zilipeleka moshi wake upande ule ule miaka mingi, na hata leo kuna sehemu ambapo udongo umebaki mtupu. Madini hayaozi kama majani. Mwaka 2009 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga ilikuwa na kobalti nyingi kupita ile ya watu wanaokaa mbali. Vumbi ni njia moja. Chakula kilichoota katika udongo ule ni njia nyingine.

Basi lengalenga inaweza kuwa lengalenga ya kweli, mashahidi wanne wamekubali, lakini shahidi wa tano, mahali, anasema hapana. Usichume majani karibu na vilima vya takataka za mgodi, kando ya mto ambamo wachimbaji wanaosha mawe, wala pembeni ya barabara ya makamioni ya madini. Kuosha kunatoa vumbi lililo juu ya jani, na ni vizuri kuosha. Lakini kile ambacho mzizi umekunywa hakitoki kwa maji wala kwa moto. Na ukumbuke kwamba kwa kawaida majani yanabeba madini kupita matunda. Ukienda mbali nusu saa zaidi na kitunga chako, miguu itachoka, lakini batoto watakula kitu safi.

KAMA MTOTO AMEKWISHA KULA

Usipige kelele, usimpige mtoto. Akiogopa, ataficha kile alichokula.

Toa mabaki kinywani mwake, umsafishe kwa maji. Usimlazimishe kutapika, usimnyweshe mafuta ya ngazi wala dawa ya kienyeji ya kuharisha; vitu hivi vinaweza kumziba pumzi au kuzidisha kiu ya mwili. Kama analegea, mlaze upande, asimeze matapishi.

Chukua kipande cha mmea: jani, tunda, mzizi, hata kile alichotapika. Kumbuka saa aliyokula na kadiri aliyokula. Mpeleke kwa munganga mara moja, hata kama bado anacheza. Kumbuka ile nyungu ya mama yangu: sumu yake inangoja saa nyingi mbele ya kujionyesha. Na uwapeleke pia wale waliokula pamoja naye.

MBELE YA MVUA NYINGINE

Mama yangu, nyuma ya siku ile, hakuacha kuingia porini. Kila mwaka, mvua zikianza, alimwita mama wa mapasa wakaenda wote wawili. Mama wa mapasa alimwonyesha majani ya hapa; mama naye alimfundisha kupika sombe namna ya Kasai. Walizeeka hivyo. Katika barabara yako pia yuko mama mmoja kama huyu, pengine mzee, pengine hamsalimiani sana sababu ya lugha. Mgongee mlango mbele ya mvua nyingine, mwambie: «Mama, nionyeshe.» Na uchukue batoto pamoja nawe.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

— Ni mimea gani ya sumu iliyo katika lupango yetu na njiani kwenda masomo? Batoto wanaijua?

— Mboga tunayoichuma inatoka katika udongo gani?

— Nani katika barabara yetu anaweza kutufundisha, na sisi tunaweza kumfundisha nini?